Uzio Wenye Nguzo Upande Wetu

Lhotka, Moravia
3 Desemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Radovan,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. U hali gani huko Adelaide? Karen na watoto hawajambo? Mimi nyonga inapona. Ndani ya nyumba natembea bila fimbo, nje bado naibeba.

Nilipolazwa ulinishauri nitafute cha kushughulisha mikono. Basi nimeunda kiwanja cha baba kwa udogo, mtu mzima akiwa sawa na kidole changu. Kazi kubwa ilikuwa uzio kati yangu na kaka yako Zbyněk. Wenzangu wa chama cha waunda mifano midogo hununua uzio wa plastiki. Mimi nilichana vijiti vya kukorogea kahawa, nikavipaka siki niliyolowekea misumari yenye kutu mpaka vikawa kijivu, na alama za vichwa vya misumari nikazitoboa kwa sindano. Mahali pa ubao mmoja niliacha pengo, pale ulipopitisha kichwa ukiwa mtoto ukanasa, baba akaja na msumeno huku akicheka.

Nguzo nimeziweka upande wetu. Hilo wewe huna haja ya kuelezwa: mwenye uzio hukaa na nguzo, jirani hupewa uso laini. Baba alipotugawia kiwanja alijenga hivyo makusudi, ili mjozi, ule mti wa kokwa za jozi ulio kando ya uzio, ubaki kwangu bila maneno.

Sasa habari yenyewe. Nilipokuwa hospitali Zbyněk aling'oa uzio wa baba, akajenga mwingine ndani ya kiwanja changu, ng'ambo ya mti, nguzo zikiwa upande wake. Nilirudi nikakuta mjozi uko kwake, na haukuchukua muda ukawa kuni. Mkesha wa Krismasi hii nitapasua jozi za dukani badala ya zile za mti wetu. Nina hasira, Radovan, na sioni haya kuisema.

Jumapili tulionyesha kazi zetu kwenye ukumbi wa zimamoto. Majirani walipita mmoja mmoja, wakainama, wakaona nguzo ziko wapi, wakasogea meza ya pili. Bwana Hynek tu ndiye aliyeropoka kwamba mjozi wangu mdogo niliousuka kwa waya umelishinda shoka la Zbyněk. Halafu Zbyněk mwenyewe akaja na glasi yake ya bia, akauinamia uzio.

"Dada, umekosea hapa. Geuza nguzo."

"Nimejenga alivyojenga baba."

"Baba hayupo. Muulize huyo kipenzi chako Radovan. Nilimpigia, akaniambia we fanya tu, dada atazoea."

Watu walisikia. Nilidhani anakusingizia, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikutetea moyoni. Kisha nikakumbuka simu zako za hospitali. Uliulizia nyonga, uliulizia chakula, uliulizia wauguzi. Mti hukuulizia hata mara moja, wewe ambaye kila vuli huuliza kama jozi zimeanza kuanguka.

Shangazi Blažena anakusalimu, anataka kujua kama unakula vizuri. Nisalimie Karen, uwabusu watoto. Mungu awakinge na jua kali la huko.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta kipande cha uzio, kile chenye pengo. Hakina kitako, hakisimami chenyewe. Kisimamishe mezani kwako, uamue wewe nguzo zitazame wapi. Huku kwangu mahali pake nimepaacha wazi.

Bado ni dada yako akupendaye,
Drahomíra