Nilimwacha Kaka Yangu Kwenye Ngazi

Bi Vasudha, wewe ambaye mama mkwe wangu hukusoma gazetini kabla hata ya habari za vifo, leo ni mimi ninayekuja kwako, na nakuomba usinihurumie kabla hujanisikia mpaka mwisho, kwa sababu kosa ni langu na nalijua, ila sijui nianzie wapi kulirekebisha.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Agam, ana miaka sita, tunakaa ghorofa ya kwanza huku magharibi ya Delhi, na chini yetu ndipo mume wangu Dilpreet anapouza chakula. Mtoto ana pumu. Kiangazi huwezi kujua, anakimbia, anaruka, anammwagia bibi yake maji mgongoni, lakini ikishaingia Novemba, upepo ukasimama na ile hewa ya njano ikakaa juu ya mji kama iliyolipa kodi, mtoto wangu anakuwa mzee. Analala ameketi. Mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na akitaka maji anasema neno moja, anapumzika, ndipo anasema la pili. Mwaka huu shule zimefungwa kwa sababu ya hewa, madirisha nimeyaziba kwa mataulo yenye maji, na jioni mataulo yenyewe yanakuwa ya kijivu.

Sasa kaka yangu. Anaitwa Jagsher, ni mkulima wa mpunga na ngano kule Punjab, amenizidi miaka kumi na mmoja, na baba yetu alipofariki nikiwa na miaka saba yeye ndiye aliyenilea, yeye ndiye aliyenisuka nywele asubuhi za shule, alikuwa anasuka vibaya, msuko mmoja juu mwingine chini, wasichana wakinicheka, lakini nilikataa mtu mwingine asiniguse kichwa. Kila mwaka, siku ya pili baada ya Diwali, sikukuu yetu ya taa, anapanda treni kuja kwangu nimpake alama ya baraka kwenye paji la uso kama dada wote wanavyowafanyia kaka zao, na hajawahi kukosa, hata mwaka aliovunjika mguu alikuja na magongo.

Mwaka huu, siku chache kabla ya sikukuu, Agam alibanwa vibaya, na kwenye televisheni wanasema moshi wa mashamba umefika mjini, nikampigia simu nikiwa na hasira. Nikamuuliza, "Kaka, na wewe umechoma mabua?" Akasema, "Nimechoma nusu, Manu. Ningefanyaje? Mpunga umetoka, ngano inataka kuingia, katikati nina wiki tatu tu, na mabua yamesimama shambani kama meno ya kitana. Mashine ya kuyashughulikia ni moja, vijiji vinne tunaipangia foleni." Nikamwambia, "Basi ujue umemchoma na mpwa wako." Akasema taratibu, "Na tanuri la makaa la shemeji hapo chini ya dirisha linatoa uturi?" Nikakata simu.

Nikadhani hatakuja. Akaja. Alishuka kwenye treni akaja moja kwa moja, kilemba kipya cha rangi ya waridi, lakini shati na blanketi vinanuka moshi tangu mwanzo wa korido, na Agam ndiyo kwanza nimemtoa kwenye mashine ya mvuke wa dawa. Nikafungua mlango robo. Nikasema, "Usiingie." Yeye akacheka, akanyanyua mikono, "Haya afande, nikague." Nikamwambia, "Sitanii, kaka. Unanuka moshi. Ukiingia humu, mtoto atanifia." Agam akasikia sauti, akaanza kuita, "Mjomba! Mjomba!" na kwa kuita kule kikohozi kikamshika upya. Nikafunga mlango. Nilimwona kwa upenyo akikaa kwenye ngazi, debe la samli katikati ya miguu, mfuko wa sukari guru pajani.

Nilitaka mtoto atulie kwanza ndipo nitoke, naapa ndivyo nilivyotaka, lakini ikapita nusu saa, ikapita zaidi, na nilipotoka na sahani yangu ya mchele na zafarani ya kumpaka baraka, ngazi zilikuwa tupu. Debe alilisogeza ukutani ili mtu asijikwae. Jirani akaniambia, "Kaka yako ameomba maji, amekunywa, ameondoka kwa miguu kuelekea stesheni."

Wiki ya pili hii hapokei simu. Juzi ndiyo wifi yangu Sukhwant akanipigia, sauti ya chini kama anaiba, "Wifi, ulimwambia nini kaka yako? Ile nusu iliyobaki amekataa kuichoma. Yuko shambani na reki na vibarua wawili tangu alfajiri, watu wanapita barabarani wanamcheka, wanasema Jagsher anafagia uwanja wa harusi. Siku za kupanda ngano zinaisha. Na hata chakula hali vizuri."

Hapo ndipo nilipo, Bi Vasudha. Nikienda kumwangukia, je, si ni kama namwambia achome tu? Asipochoma akakosa ngano, ni mimi nimemharibia. Na Agam nimwache na nani, maana siwezi kumpeleka kwenye mashamba yanayowaka. Mume wangu anasema, "Mwache, mwanaume hupoa mwenyewe." Mama mkwe anasema mtoto kwanza, na ni yeye aliyesema tuache ile pampu ya dawa ya kuvuta kila asubuhi, mtoto asije akaizoea, tukaacha tangu Oktoba kwa kuwa alikuwa mzima. Tanuri lenyewe, niseme yote, watu wa manispaa walipita wakakataza makaa msimu huu, Dilpreet akalizima, walipokata kona akaliwasha, kwa sababu wateja wanasema chapati isiyo ya makaa ina ladha ya karatasi.

Nisaidie. Nikipita kwenye zile ngazi sasa naangalia ukutani.

Manroop, Delhi

*

Manroop binti yangu,

Nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoniomba, na nimekuhurumia hata kabla sijafika mwisho, nisamehe. Mama anayehesabu mbavu za mwanawe hana akili za kupima maneno. Hilo nalielewa. Sasa kaa chini nikugombeze.

Kulinda mapafu ya mtoto ulifanya sawa. Kumfungia kaka yako mlango ulifanya vibaya. Na kati ya hayo mawili kulikuwa na kitu chepesi kabisa: ndoo ya maji ya moto, sabuni, na kanzu ya mumeo. "Kaka, oga hapo chini, vaa hii, halafu panda." Basi. Nguo ndiyo iliyonuka, Manroop. Wewe ukamfukuza mwenye nguo.

Unataka kujua nani amembana mtoto wako. Nitakwambia, ila hutapenda, kwa sababu orodha ni ndefu na sisi sote tumo. Wamo wakulima, kweli, kwa zile wiki chache. Yamo malori ya dizeli yanayopita mjini usiku kucha, pikipiki, vumbi la majengo yasiyofunikwa, matanuri ya matofali, fataki tulizowasha usiku wa Diwali, takataka zinazochomwa pembeni ya barabara, na yule mlinzi wa geti lenu anayewasha vijiti apashe vidole kwa kuwa hakuna aliyempa koti. Halafu baridi inashuka, upepo unakufa, na hewa ya juu inakaa kama kifuniko cha sufuria. Yote tuliyoyatoa tunarudishiwa puani. Kiangazi tunatoa moshi vilevile, ila unapata pa kwenda.

Na umo wewe. Makaa ya mumeo yanawaka chini ya dirisha la mgonjwa wa pumu! Kaka yako alikuuliza swali moja, ukamkatia simu, kwa sababu lilikuwa swali la kweli. Na pampu ya asubuhi mkaiacha, dawa ambayo kazi yake ni kumkinga wakati bado mzima. Mwambie mama mkwe wako, ambaye najua anasoma hapa: mama, nakuheshimu, lakini kwa hili umekosea. Mrudisheni mtoto kwa daktari kesho asubuhi, na kuanzia hapo dawa isimame au iendelee kwa neno la daktari tu.

Sasa sikiliza.

Mpigie kaka yako leo, kwa simu ya Sukhwant ili ashike. Neno la kwanza liwe "nimekosa." Usiweke "lakini" nyuma yake. Usimwambie achome, wala usimwambie asichome, maana shamba ni lake na ameshaamua. Mwambie umekosa, halafu unyamaze na uvumilie ukimya wake hata ukiwa mrefu.

Daktari akisema mtoto ametulia, Jumamosi panda treni. Agam abaki. Abaki na nani? Na baba yake! Dilpreet, ndugu yangu, funga duka siku mbili ujifunze kuwasha ile mashine ya mvuke, miaka yote hii inatosha kuwa mgeni nayo. Na likifunguliwa tena, liwe na jiko la gesi. Wateja wakisema chapati ina ladha ya karatasi, waambie waile haraka.

Ukifika kule, msaidie kaka yako kuuliza kwenye chama cha wakulima cha wilaya. Ipo mashine inayopanda ngano katikati ya mabua bila kuyachoma. Huenda aliona haya kuomba mara ya pili. Wewe huna haya, barua yako imenionyesha, kwa hiyo omba wewe. Na chukua reki. Usiende kule kukaa kwenye kiti na kulia.

Bi Vasudha

*

Bi Vasudha, najua hujaniomba jibu, ila nikikaa kimya nitapasuka.

Nilipiga simu siku ile ile. Nikasema nimekosa, nikanyamaza kama ulivyoniagiza, nikasikia trekta likiunguruma, nikasikia kunguru, nikadhani ameiweka simu chini akaondoka. Halafu akasema, "Anapumua vipi?" Nikalia, akawa ananibembeleza yeye, mimi niliyemkosea.

Jumamosi nikaenda. Alinikuta njia panda na trekta, akanitazama viatu, akasema, "Hivyo vya mjini vitakufa leo." Tukafanya kazi mimi, yeye, wifi na vibarua, mabua yanachoma vifundo vya miguu, na wale waliokuwa wanacheka wakapita tena. Mmoja akapiga kelele, "Jagsher, umeongeza mfagiaji!" Kaka akamjibu, "Huyu ametoka Delhi, kule wanafagia hata mbingu!" Jumatatu nikaenda chama cha wakulima, nikakaa mlangoni mpaka karani akachoka kuniona. Mashine ilifika Alhamisi. Ngano imeingia siku tisa nyuma ya majirani, na kaka anasema itapungua, ila itakuwepo. Sikumwahidi kwamba mwakani moshi hautakuja Delhi. Wenzake wote bado walichoma, tuliwaona jioni, mistari miekundu pande zote.

Agam yuko vizuri na pampu yake. Dilpreet anaiendesha mashine ya mvuke vizuri kuliko mimi, sasa ananisahihisha kwa simu.

Lakini kuna jambo, na ndilo lililonifanya niandike. Siku niliyopaswa kuondoka tulikuwa tunakunywa chai uani, nikasema kitu cha kipuuzi, kaka akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kile kikohozi nakijua, Bi Vasudha, nimekaa nacho miaka minne. Nikasogea nikaweka sikio mgongoni kwake, kama ninavyofanya kwa mwanangu. Ndani kunapiga filimbi. Nikamuuliza, "Tangu lini?" Akasema, "Aa, hiyo ni ya kila msimu. Mwenye kiberiti ndiye anayesimama karibu." Nikamuuliza kama amewahi kwenda hospitali. Akasema anakwenda mtu anayeumwa.

Miaka yote hii nimekuwa nikimuuliza habari za mpunga. Kifua chake sijawahi kukiuliza hata mara moja. Nimeahirisha treni, niko bado huku, na anakataa katakata. Nifanyeje?

Manroop

*

Binti yangu, alipokusuka nywele hakukuuliza kama unataka kwenda shule. Mvalishe viatu, umpeleke kesho asubuhi.

Bi V.