Ile baba hakutuambia

Jumapili, mwezi wa kumi na moja

Leo tena nilipeleka baba kwenye sikukuu ya baaskari ba zamani, na roho yangu haikutaka. Kila mwaka mukubwa wa chama anaita benye medali mbele. Baba anabaki nyuma, sababu kule kwenye vita ya Abisinia kazi yake ilikuwa kubeba benye kuumia tu.

Leo muzee mumoja wa medali, mwenye mguu mumoja, akaacha mustari, akakuja kumushika baba mukono.

"Huyu alinibeba siku mbili," akaniambia.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza baba, "Mbona hukutuambia?"

"Niseme nini, mutoto wangu? Nilimutukana njia yote, asilale akafa."

Miaka yote niliona haya kusimama naye kule nyuma. Hapa nimeandika. Kumuambia yeye, bado naogopa.