Bakuli la Makombo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limekubali kukufikisha sokoni bila kugombana nawe njiani. Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimu sana. Wiki hii yuko zamu ya mchana kule wodi ya wazazi, anazalisha watoto wa wenzake huku wa kwake nimeachiwa mimi. Mapacha wameota meno ya kutosha kuuma kila kitu, pamoja na mguu wa meza ya mteja. Dada yao, yule tuliyempachika jina la Hakimu, bado anatuhukumu kila siku na hapokei rufaa.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sauti yangu ilikuwa na unyonge. Nilikwepa, maana lile si jambo la kueleza huku mapacha wanagombea simu. Sasa kaa vizuri nikueleze, wala usiogope.

Mkweo alinivuta kwenda kupima afya, nikaenda shingo upande. Nesi wa zahanati aliniambia kwamba sukari yangu imeanza kupanda. Alisema bado haijawa ugonjwa, ila imefika kizingitini na inabisha hodi. Nikibadilisha ulaji inaweza kurudi ilikotoka. Nilimkumbuka baba, sukari ilipomla macho, alivyoanza kupapasa ukuta kutafuta mlango, akiwa bado na nguvu za kubeba mbao begani. Nikawafikiria mapacha, ambao hata vifungo hawajui kufunga. Niliogopa, mama, na sioni haya kukuambia.

Basi nikaanza. Sukari kwenye chai nikaiaga. Wali ukawa kidogo, mboga za majani zikajaa nusu ya sahani, na soda nikawaachia wateja. Kinyozi wa jirani alinicheka, akasema siku hizi nakula kama sungura aliyepigwa faini. Nilivumilia, maana nilijiona shujaa. Lakini mkanda wangu ulibaki kwenye tundu lilelile, na niliporudi kupima, sukari haikuwa imeshuka hata kidogo. Nesi akaniuliza kwa upole ninakula nini. Nikaapa. Alinitazama vile wateja wanavyonitazama ninapowaambia kabati litakuwa tayari Jumamosi.

Kusema kweli nilikaribia kukata tamaa. Nilijiambia kama ni kufa na tufe, angalau nife nimekunywa chai tamu. Kilichonizuia si ujasiri, ni ule udadisi wangu uliokuwa unakuudhi nilipokuwa nafungua redio yako nione anayesema ndani. Meza ikiyumba, mara nyingi kosa haliko kwenye mguu unaoutazama. Nikaanza kutafuta mguu mwingine. Nilishuku mafuta ya kupikia, nikashuku mkate, nikamshuku hata mkweo kwamba ananitilia sukari kwenye chai kwa huruma. Hilo la mwisho lilinigharimu, nikaosha vyombo peke yangu mpaka hasira zikamwisha.

Halafu siku moja mchana nilikuwa napiga randa karakanani. Hakimu alikuwa anacheza kwenye maranda na vipande vya mbao. Vile vifupi kavifanya watoto, kavipanga mstari, anavilisha. Alipomaliza akasimama, akaegemea ukuta, akawa anajifanya anaokota mbele ya kila kipande na kutia mdomoni. Haraka haraka, mama, bila hata kutazama anachookota. Nikamuuliza yeye ni nani kwenye mchezo huo. Akanishangaa kwa swali la kijinga.

“Mimi ni baba. Watoto wakishiba, baba anamalizia.”

Nikacheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe.

Kesho yake nikachukua bakuli la bluu, nikaliweka kando ya jiko. Nikajiwekea sharti: kila ambacho mkono wangu utataka kunipa kutoka sahani za watoto, nisikitie mdomoni, nikitie bakulini. Asubuhi likaingia ganda la mkate lenye siagi, uji uliobaki vikombe viwili, na nusu ndizi iliyotafunwa upande mmoja. Mchana wali, viazi vya kukaanga, na yai ambalo pacha mmoja alilikalia. Jioni maandazi yaliyoumwa kidogo kidogo na kuachwa. Kuna wakati mkono ulikuwa njiani kwenda mdomoni nami sina habari, ikabidi niurudishe kama mtoto aliyetoroka shule. Mkweo aliporudi kazini akalikuta bakuli limefurika. Akaniuliza nimemwandalia nani chakula kingi hivyo na mbona amekichezea. Nikamwambia ndicho chakula changu cha kila siku, ukiacha kile cha kwenye sahani. Alikaa kitini bila kuvua viatu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu kilikuwa kwenye sahani za wanangu, na kila siku nilikila mimi mwenyewe, nimesimama, kisha nakaa mezani na mboga zangu kama mtu mwema.

Tangu hapo, mama, kula vizuri kumekuwa rahisi kidogo. Si rahisi sana, nisikudanganye. Ule woga wa zahanati ulinisukuma siku chache tu kisha ukachoka, lakini hamu ya kuchungulia bakuli jioni haichoki. Nikaona tulikuwa tunawapakulia watoto kama vibarua wa kuchimba msingi. Nikakata miguu ya ile meza ya zamani, sasa watoto wanaifikia na wanajipakulia wenyewe, kidogo kidogo, wakitaka wanaongeza. Nami nakaa nao, magoti yakigusa kidevu, nakula pamoja nao tangu mwanzo. Cha ajabu, mapacha wameanza kuiba mboga kwenye sahani yangu, mboga zilezile walizokuwa wanazitema. Bakuli siku hizi halijai, na kilichomo wanapelekewa kuku wa kinyozi. Kuna siku nateleza. Jana nilimeza kipande cha mkate kabla sijajua ni cha nani, Hakimu akanihukumu kusimama pembeni. Lakini nimepima tena juzi na sukari imeanza kushuka. Nesi amesema niendelee, na safari hii alionekana kuniamini.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia.

Tuliwaambia watoto kwamba bibi yao anakuja mwezi ujao. Hakimu akaanza kupanga mapokezi: nani atalala wapi, nani atabeba mkoba. Kisha akaniuliza, “Bibi anapenda chakula gani?”

Nikaanza kuwapitia watu wa nyumbani mmoja mmoja. Baba najua alipenda viazi vilivyoshika chini ya sufuria. Dada alikuwa akikuta kitunguu kwenye maharage analia. Mimi ukoko wa wali, na uliniwekea kila mara. Wewe je? Nilitafuta kichwani nisipate. Nikampigia dada, akasema labda chai. Wote wawili tulichokumbuka ni wewe unapita na sahani zetu kuelekea jikoni, unatuambia tusikusubiri.

“Mimi nimeshakula jikoni.”

Tuliamini, mama. Miaka yote ile hatukuwahi kujiuliza makombo yetu yalikuwa yanakwenda wapi, na hatukuwa na kuku. Sasa najua mkono wangu ulijifunzia wapi ile njia. Sikulaumu hata chembe. Ulitulisha tukashiba, na kumwaga chakula ulikuona dhambi. Lakini nimekuwa mtu mzima, nina watoto, na sijui mama yangu anapenda kula nini. Limeniuma kuliko maneno ya nesi.

Kwa hiyo nimekutengenezea kiti. Ni kirefu kidogo kuliko vya watoto, kwa ajili ya goti, na nimekiweka upande ulio mbali na mlango wa jikoni. Ukitaka kutoroka na sahani itabidi umpite Hakimu. Ukija utapakuliwa wa kwanza, chakula kikiwa bado cha moto, na hutainuka mpaka ushibe.

Nakuomba unijibu kabla hujapanda gari: unapenda kula nini? Ukijibu “chochote tu”, Hakimu amekwisha kusema jibu hilo halipokelewi. Na kama umesahau, au hukuwahi kupata nafasi ya kujua, usione aibu. Tutaonja kimoja kimoja mpaka tukipate.

Nisalimie mama mdogo na majirani wote. Mapacha wameibusu karatasi hii, ndiyo maana kona imelowa.

Mimi mwanao akupendaye,
Seremala wako