Lori Halina Kosa Likiwa Tupu

Nyumbani, nyuma ya ghala la mbao,
Jumanne, tarehe 14, mwezi wa tano.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani, na kazi inakwendaje huko? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi hapa wazima. Mama presha yake imetulia, anakula vizuri na anagombana na kila mtu, kwa hiyo ujue amepona. Mimi afya ninayo, ila roho imechafuka, na aliyeichafua ni wewe. Tafuta kiti ukae.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikiwa neno la tatu, wewe uko la kumi. Karatasi huwezi kuikatiza.

Ni habari ya lori la marehemu baba. Unakumbuka mwezi wa kumi na moja, mjomba alipokuwa amebeba saruji, moshi ukaanza kufuka chini ya dashibodi. Alisimama mlimani, akaweka mawe kwenye matairi, akang'oa waya wa betri kwa mikono mitupu. Viganja vyote viwili viliungua. Lori likapona, mzigo ukapona. Na wewe, kabla hata ya kumpa pole, ukasema ameunga waya wa kuchajia simu yake, ndiyo maana gari limeungua. Ukanitaka niweke simu spika, hapa uani, mbele ya mama na majirani, ukamwamrisha mtu wa miaka sitini na mbili aweke ufunguo mezani. Ndugu wa tumbo moja na mama yako. Mimi nilinyamaza siku ile, na hilo ni kosa langu, sikutupii wewe.

Mjomba alisema jambo moja tu: "Hili lori halina kosa likiwa tupu. Litazameni likiwa na mzigo." Ukacheka. Wote tulikusikia ukicheka.

Haya. Fundi wa kwanza alibadilisha nyaya zote zilizoungua. Lori halikufika kilomita ishirini, fyuzi ya taa za nyuma ikakatika. Wa pili akalaumu betri. Wa tatu akamlaumu wa pili. Kila mmoja alilipima hapa uani, tupu, limetulia kama ng'ombe anayecheua, na kila mmoja akaapa kwamba sasa liko sawa. Yule dereva uliyetuchagulia wewe aliacha kazi wiki ya tatu, hata kuaga hakuaga.

Wiki iliyopita nikachoka. Nikamwita fundi umeme wa kule sokoni, yule tunayemwita Taratibu maana hajazaliwa wa kumharakisha. Akatoa taa zote za nyuma, akachomoa fyuzi, mahali pake akaunga balbu. Akanieleza kwamba balbu ikiwaka, ujue kuna waya umegusa chuma mahali. Haikuwaka. Akatikisa waya mmoja mmoja, wapi. Alikuwa anakusanya vifaa vyake ndipo maneno ya mjomba yakanijia. Nikamwambia, ngoja kwanza tulipakie.

Mzigo hatukuwa nao, basi tukapanda sisi. Mimi, maseremala saba wa ghalani, na yule jirani yetu mnene muuza magodoro, ambaye ilibidi aletewe ngazi. Tukasimama, balbu kimya. Taratibu akasema, rukeni. Tukaruka, ikawaka. Tukaruka tena, ikawaka tena. Mama yuko dirishani anauliza kama tumerukwa na akili. Nilicheka mpaka nikashika ubavu, na tangu hapo sijacheka tena.

Taratibu aliingia uvunguni huku sisi tunaruka, akaona. Ni waya wa zile taa za urembo, nyekundu na buluu, ulizofunga wewe nyuma ya lori ulipokuja likizo. Ulitoboa chasisi, ukapitisha waya kwenye tundu bila kuweka hata kipande cha mpira wa kuukinga. Gari likibeba mzigo, bodi inashuka na waya unasagwa kwenye ukingo wa chuma. Plastiki yake imelika mpaka shaba inaonekana. Mjomba alikukataza zile taa, ukamjibu kwamba lori lake linafanana na jeneza. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe guu lako zima, aliyeungua ni mkuu.

Hapo hasira yangu ilikuwa bado ya kawaida. Nikaenda kwa mjomba kumwomba radhi. Nilimkuta mbele ya nyumba yake anaosha magari ya watu, suruali kaikunja hadi magotini, kwa sababu wenye malori wote uliwapigia simu ukawaambia amechoma gari. Ameendesha malori miaka thelathini, hajawahi kugonga hata kuku. Nilipomweleza tulichokiona akasema, "Vizuri, mmelipata," akaendelea kusugua ringi.

Aliyeshindwa kuvumilia ni mkaza mjomba. Aliingia ndani, akatoka na kipande cha karatasi ya kung'aa, ile inayofunika sigara ndani ya pakiti, kimeungua pembeni, akakitupa mapajani mwangu. Mjomba alikichomoa kwenye kisanduku cha fyuzi siku ile ile ya moshi. Kuna mtu aliizungushia fyuzi iliyokatika karatasi hiyo ili isimsumbue tena. Kwa hiyo waya ulipopiga shoti hapakuwa na cha kukata umeme, nyaya zikawaka. Mjomba havuti sigara. Mama havuti. Mimi sivuti. Nani anavuta katika familia hii, na nani alilalamika likizo nzima kwamba fyuzi za lori zinamchosha?

Alijua, mdogo wangu. Alikuwa nacho mfukoni wakati unamfokea, viganja vimefungwa bandeji. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Mama yako alikuwa amesimama pale. Nimwambie mwanao nusura aniue?"

Usiniambie hukujua. Hukujua kwamba waya umesagika, sawa, lakini pia hukuuliza. Nimempelekea mjomba ufunguo, amekataa kuupokea. Anasema alinyang'anywa mbele za watu, hawezi kurudishiwa kichochoroni. Ana haki. Basi Jumapili saa nne asubuhi watu wale wale watakuwa uani, na simu itakuwa mezani, spika wazi. Utapiga wewe. Utasema yote, taa na karatasi, na utamwomba radhi huku ukimwita mjomba. Kisha utawapigia wenye malori mmoja mmoja. Usipopiga, nitawasomea barua hii, nakala ninayo, na mama atayasikia kwangu badala ya kuyasikia kwako.

Msalimie mkeo na watoto, nawapenda. Mama anakusalimu, na jirani wa magodoro pia. Mjomba naye anakusalimu. Hakutaka nikuandikie, anasema mtu aliye ugenini havunjwi moyo. Nilipomuuliza nikwambie nini, akataka kujua kama baridi ya huko imepungua, na kama kile kifua chako bado kinakusumbua.

Mungu akulinde, na Jumapili akupe sauti.

Akupendaye, hata leo,
Dada yako.