Nguvu ya Mvutano na Barua Yangu

Mwenzangu, mkaguzi amekuja leo bila taarifa. Nimemaliza kuandika ubaoni, nikigeuka nakuta mwanamume nisiyemjua kakaa dawati la nyuma na daftari lake.

Unamkumbuka yule binti aliyechekwa kwa kuuliza nguvu ya mvutano ikitoweka ghafla tutakuwaje? Nilimwahidi jibu leo. Nikaliambia darasa, huku nikiandika ubaoni, kwamba tungeelea, ndiyo, lakini kabla hatujafurahia, hewa ingetuponyoka, bahari zingefuata, na mwishowe dunia yenyewe ingemeguka.

Mkaguzi akanikatiza. "Mwalimu, hayo yamo kwenye andalio la somo?"

Nikasema hayamo.

"Basi futa."

Futa, mbele ya watoto. Na nikafuta.

Mkuu wa shule, aliyekuwa amesimama mlangoni, akanivuta pembeni: "Mwanangu, barua yako ya kuthibitishwa kazini anaisaini huyu huyu. Nyamaza mpaka aondoke." Ndiye yeye aliyeniambia siku ya kwanza nisiue swali la mtoto. Yeye yule.

Kengele ikalia. Binti akanisubiri mlangoni, na mkaguzi kasimama hapo hapo.

"Mwalimu, hujamaliza. Mimi na mdogo wangu tukiwa tumeshikana mikono, tungepotezana?"

Nikamtazama mkaguzi. Akafungua daftari.

Nikamjibu binti kwamba wasingepotezana, wangeelea pamoja.

"Na hewa?"

"Hewa isingewasubiri."

Akafikiri kidogo. "Ningemshika tu," akasema, akaenda zake.

Mkaguzi akaandika, akaniuliza jina langu linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja.