Taarifa Kamili Kuhusu Kipimo Chako

Chumba cha Habari,
Ghorofa ya Pili.
14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliandika kwamba linakubali kupanda ngazi lakini linagoma kushuka. Natumaini limebadili msimamo. Huku tu wazima. Mama, dada yako, hajambo kabisa. Utaona hapa chini kwamba ana nguvu kuliko inavyohitajika.

Najua barua ya Mlingoti, fundi mitambo wa redio yetu, ya kumposa binti yako iko mezani kwako na hujaijibu. Kabla hujaijibu, ni haki yako kujua yaliyotokea. Keti kwanza, kwa ajili ya goti. Kipimo chako cha nguvu za mitambo ulichotuachia kimeungua.

Ilikuwa Jumanne. Mkaguzi alikuwa aje Alhamisi, nasi tulitaka kujua mapema mtambo wa kurushia matangazo unatoa nguvu kiasi gani, na kipimo cha kituo hukadiria tu. Unatoa wati mia tatu. Kipimo chako, kama ulivyotuhubiria tangu tukiwa wadogo, kinavumilia wati moja. Katikati lazima kiwekwe kile kisanduku cha chuma kinachomeza nguvu na kukiachia kipimo tone tu.

Onyo hilo uliliandika kwenye karatasi nyekundu, ukaibandika juu ya tundu la waya: WATI MOJA, BASI. Karatasi hiyo haipo tena. Mama aliibandua mwezi uliopita, kipimo kikiwa bado nyumbani, kwa maji ya moto na kisu cha mezani. Nilipomhoji alisema, "Ilikuwa imekunjamana. Kitu cha kaka yangu kikae kama takataka?" Kisha akakivika kitambaa cha kufuma.

Mlingoti anasema ni yeye aliyechomeka waya wa mtambo moja kwa moja kwenye kipimo. Amemwambia meneja. Amemwambia mlinzi. Amemwambia mwanamke anayeleta maziwa, ambaye hakuuliza. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri, na mtu wa posta akionekana getini, fundi hukumbuka kazi ya haraka kule juu ya mnara.

Mimi, kama unavyojua, sichapishi kauli ya mtu mmoja. Nilikwenda stoo, ghorofa ya chini. Daftari linaonyesha kwamba saa kumi na dakika kumi na mbili Mlingoti alikuwa akitia saini kuchukua kile kisanduku. Moshi ulitoka chumba cha mitambo, ghorofa ya tatu, saa kumi na dakika kumi na mbili. Ana miguu mirefu, lakini si kiasi hicho.

Chumbani alikuwa amebaki mtu mmoja: binti yako, aliyekuwa amemaliza kutangaza kipindi chake. Mlingoti alimwambia, "Usiguse kitu, nakuja." Nilimwuliza mwenyewe, naye hakukana.

"Kipimo cha kituo si kinapokea zote mia tatu bila kulalamika?" alisema. "Nikadhani hiki cha Baba ni kigumu zaidi, kwa jinsi anavyokisifu."

Hali ya majeruhi: kioo kinawaka, lakini kinaonyesha mstari mmoja ulionyooka tu, hata ukifanya nini. Mlingoti amekifungua na kuona kwamba kipande kilichoungua ni kile kidogo karibu na tundu. Anataka kukibadilisha, ila mchoro uko kichwani mwako. Tafadhali utume. Mkaguzi alikuja na kipimo chake, akapata wati mia mbili tisini na nane, akaondoka ameridhika.

Kwa hiyo, Mjomba, anayetaka kuwa mkweo ni mwongo. Amedanganya mbele ya mashahidi watatu kwa ajili ya mtu mmoja. Hukumu nakuachia wewe. Yangu ilikuwa taarifa.

Mama ametubu. Ameshona kwa uzi mwekundu, juu ya kitambaa kipya: WATI MOJA, BASI. Kinaziba tundu lote. Hakuna waya utakaopita tena.

Msalimie mkaza mjomba, wale pacha, na mdogo wako tunayemwita Profesa. Mungu akupe afya, na alijalie goti hilo busara ya kushuka.

Nakupenda, na hilo halihitaji shahidi wa pili.

Mpwa wako

N.B. Mlingoti amechungulia barua hii juu ya bega langu. Anasisitiza niandike kwamba ni yeye.