Begi la Tuba la Baba Koku

Jumamosi, Novemba. Mvua ya alfajiri, kisha jua lisilo na nguvu. Senene wameanguka tangu juzi.

Huku kwetu Muleba senene wakianguka, hata mwenye huzuni hutoka nje kidogo. Jirani aliniletea bakuli, nikawachambua mabawa, nikawakaanga kwa chumvi. Miaka yote sahani ya kwanza nilimpa Baba Koku. Ndivyo mke anavyofanya kwetu, naye mume anajua kwamba ana deni la kitenge. Safari hii niliiweka mezani nikabaki sijui nimpe nani. Nikala mwenyewe, nimesimama.

Lakini sikukusudia kuandika habari za senene. Leo nimenunua begi la tuba.

Kwa wasiojua, tuba ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalokumbatiwa kama mtoto mgonjwa, lenye sauti nzito ya chini. Kwenye bendi ya usharika wetu tunaliita besi. Mume wangu alilipiga tangu kabla sijamfahamu mpaka alipofariki mwezi wa tano. Ni mali ya kanisa, ila limelala kwetu miaka yote ya ndoa yangu, kwenye kona ya sebule, chini ya blanketi la kijivu. Watoto wangu wamejifunza kusimama kwa kulishika.

Siku ya mazishi bendi ilipiga bila besi. Wengine hawakugundua. Mimi niligundua kabla hawajamaliza ubeti wa kwanza. Nyimbo zilikuwa zinaelea tu, hazina mahali pa kukanyaga.

Matanga yalipoondolewa, mwanangu Byabato alitangazwa kuwa musika, yaani mrithi wa baba yake. Akavalishwa kanzu, akakabidhiwa mkuki na kibanja chote pamoja na migomba yake. Kila kitu kilitajwa mbele ya ukoo, mpaka mbuzi, mpaka baiskeli isiyo na mnyororo. Tuba halikutajwa kwa sababu si la ukoo.

Nami nikanyamaza nalo.

Mwalimu, ndiye kiongozi wa bendi, amekuwa akija. Haombi kitu. Anakaa, anatafuna punje za kahawa, anazungumzia mnyauko wa migomba, anaitazama ile kona, anaaga. Mwezi uliopita ndipo aliposema kwamba Asimwe yuko tayari kushika besi. Amejifunzia kwenye besi ya usharika wa jirani, lakini jirani nao wana ibada zao, hawawezi kutuazima kila Jumapili.

Asimwe ni binti anayeuza dagaa sokoni Muleba. Zamani alipiga baritoni, tarumbeta la ukubwa wa kati. Ni mfupi, ananifika begani. Wenzake wanamtania kwamba siku akilibeba tuba, watu watakimbia wakidhani linatembea lenyewe.

Nilimwambia Mwalimu kwamba sikatai, ila tuba halitoki bila begi. Baba Koku alilibeba kwenye blanketi, lakini yeye alikuwa na mikono mirefu na alijua kila jiwe la njia ile. Mtu mwingine ataligonga. Mwalimu akakubali upesi kuliko nilivyotaka. Waumini wakachanga. Kisha akasema mimi ndiye nichague, maana hakuna mtu aliye hai aliyeishi na lile tuba kama mimi.

Niandike ukweli. Nilidhani begi la kitu kikubwa namna ile halipatikani Bukoba. Nilidhani litaagizwa Dar es Salaam, na mpaka lifike tutakuwa kwenye Pasaka.

Juzi Mwalimu akapiga simu. Yapo Bukoba, dukani, ya aina mbili.

Leo asubuhi nimelipima tuba kwa kamba ya mgomba, fundo moja kwa urefu, fundo lingine kwa upana wa ule mdomo wake mkubwa. Mdomo una kovu pembeni, mahali lilipoanguka kutoka kwenye pikipiki. Baba Koku alilinyoosha kwa dole gumba jioni nzima, akawa analisemesha Kihaya kama ng'ombe aliyeumia. Nikakumbuka pia ile harusi ya msimu wa senene, walipowasha taa kubwa uwanjani, senene wakaja kama mvua, wakajaa ndani ya tuba. Alipopuliza ilitoka sauti ya ng'ombe anayekohoa, halafu wakaruka wote kwa pamoja, wakamwangukia mama wa bibi harusi kwenye kilemba. Watu walicheka huku wakiwaokota. Njiani kurudi akaniambia, mwaka huu lazima tununue begi, Mama Koku. Alisema hivyo kila mwaka.

Asimwe alinisindikiza Bukoba. Njia nzima hatukuongea sana. Alininunulia karanga pale gari liliposimama, akanimenyea.

Muuzaji ni mtu mzima mwenye miwani, mpole. Nilipotoa kamba yangu ya mgomba hakucheka. Aliinyoosha juu ya meza, akapima mafundo yangu kwa futi yake, akasema vipimo viko sawa.

Akaanza kwa kutuonyesha kasha gumu. Ni jeusi, lina magurudumu na vifungo vya chuma. Akalisifu, kwamba hata likianguka kutoka kwenye lori tuba halijui. Akafungua kifuniko. Ndani limewekewa kitambaa chekundu, laini, kimekunjwa vizuri kwenye pembe. Nilikigusa, nikarudisha mkono.

Mwaka huu nimeshachagua sanduku moja.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia tu kwamba magurudumu hayana kazi kwetu, njia inapita katikati ya migomba, na mvua ikinyesha hata mbuzi anateleza. Hilo nalo ni kweli. Akafunga kifuniko bila kubisha.

La pili ni begi laini la kubeba mgongoni. Hapo nilichukua muda. Nilibonyeza sponji kwa ngumi, hasa kule mdomo unakokaa, maana tuba likiwekwa chini vibaya huumia hapo kwanza. Ni nene, inarudi yenyewe. Zipu ina utepe wa kitambaa kwa ndani ili meno yake yasikwaruze shaba. Nikamwomba maji kidogo, nikayamwaga juu, yakateleza yote. Bendi huvuka kwenda Bumbire kuwatembelea waumini wa kisiwani, na mtumbwi haukosi kurusha maji. Nje kuna mfuko mdogo wa kuwekea kile kipande cha kupulizia. Baba Koku alikiweka kwenye mfuko wa shati kipate joto, asubuhi zetu ni za baridi. Mashati yake yote ya Jumapili yamelegea mfuko wa kushoto.

Nikasema tunachukua hili.

Muuzaji akaanza kurekebisha mikanda. Akauliza anayebeba ana urefu gani.

"Mrefu," nikasema. "Mabega mapana, ila la kushoto limeshuka kidogo. Mkanda wa kushoto uufupishe."

Akaufupisha. Akauliza kama anatembea sana nalo. Nikasema anatembea, hapendi kulipakia kwenye pikipiki tena tangu lilipoanguka. Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, na nilikuwa natabasamu. Muda mrefu sikuwa nimeulizwa habari zake na mtu asiyejua.

"Mwambie aje ajaribu mwenyewe, mama," muuzaji akasema. "Mabega hayaelezeki kwa mdomo."

Nilifungua kinywa nimwambie kwamba leo amebaki Muleba.

Asimwe akaweka mkoba wake chini. "Anayebeba ni mimi," akamwambia, taratibu, bila kunitazama.

Muuzaji akanitazama mimi, akamtazama yeye, nadhani akaelewa kitu, kwa sababu alikimbilia utani. Akamuuliza, likikulalia hili, dada, nani atakuinua? Asimwe akamjibu kwamba anapandisha magunia ya dagaa kutoka mwaloni, kule ziwani, kila wiki, na dagaa hawana mikanda.

Akalivaa. Mikanda ilimfika karibu na magoti.

Muuzaji akanyoosha mkono, lakini mimi ndiye niliyeishika. Nilivuta wa kulia, nikavuta wa kushoto, nikailinganisha, maana mabega ya Asimwe yako sawa. Nilivuta sana. Kutoka mabega ya Baba Koku hadi mabega ya Asimwe ni mkanda mrefu. Uliozidi ukabaki unaning'inia, muuzaji akaukunja akaufunga kwa mpira. Asimwe alisimama wima muda wote kama mtoto anayepimwa sare ya shule. Nilipomaliza akasema kwa sauti ya chini tu, "Pole waitu, Mama Koku."

Waitu, kwa Kihaya, ni mtu wetu. Nikamnyoosha kola.

Tumefika nyumbani mchana umeinama. Nilitoa blanketi. Nilidhani nitahitaji kukaa na tuba peke yangu kidogo, nikamwambia Asimwe akanywe uji jikoni, lakini nilipobaki nalo nikaona sina la kuliambia. Nikamwita. Tuliliingiza wawili, mdomo kwanza, likakaa kama lilishonewa humo. Zipu ikapita mzunguko wote bila kukwama.

Kile kipande cha kupulizia kilikuwa bado kwenye shati lake chumbani. Nilikileta. Asimwe akafungua ule mfuko mdogo wa begi, kisha akaniona ninavyotazama, akaufunga. Akakitia kwenye mfuko wa sweta yake.

Jumamosi jioni ni mazoezi, kwa hiyo alitokea hapa hapa kwenda kanisani. Nilisimama mlangoni. Ni kweli wanavyomtania. Kwa nyuma kichwa hakionekani, kuna begi jeusi tu lenye miguu miwili midogo, linashuka katikati ya migomba, linakwepa majani. Nikacheka peke yangu, kwa sauti, mpaka kuku wakashtuka. Halafu nikakaa kwenye kizingiti, nikalia kilio ambacho sikulia siku ya mazishi kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu.

Sasa naandika nikiwa jikoni, ndizi ziko motoni. Koku, binti yangu aliyenifungulia ukurasa huu, ameniomba niandike kila ninapozidiwa. Leo nimezidiwa, Koku, lakini si vibaya.

Kanisa liko ng'ambo ya bonde. Wameanza. Matarumbeta madogo yamesikika kwanza, kisha besi ikaingia chini yake. Inakosea. Wanasimama, wanarudia, inakosea tena palepale, wanarudia. Pumzi yake ni fupi, anakata neno katikati, mahali ambapo Baba Koku asingekata. Niliposikia mara ya kwanza nilitaka kuziba masikio. Sasa nimezoea kidogo. Ni pumzi ya mtu mwingine, na ana haki ya kuchoka anapochoka.

Tangu msiba nasali ibada ya kwanza, ile ya asubuhi sana, kwa sababu haina bendi. Watu wanadhani nimekuwa mcha Mungu zaidi. Mchungaji alinisifu.

Kesho nitakwenda ya pili. Nitakaa nyuma, karibu na mlango, ili nikishindwa nitoke bila kumsumbua mtu. Ila Asimwe atakuwa anatafuta uso wa kumtazama atakapofika pale anapokosea, na sitaki akose.